Ufa Kando ya Mchomeleo

Alois Mkude alikuwa fundi anayetajwa kwanza Morogoro mjini kila kitu cha aluminiamu kilipopasuka. Watu walimletea rejeta, masufuria makubwa ya kukodisha harusini, hata vipande vya injini. Banda lake liko Bigwa, chini kabisa ya mlima, na alipomaliza kazi wateja walipitisha kidole juu ya mchomeleo wasijue ulipoanzia.

Rimu za gari alizichagua. Iliyochubuka ukingo wa nje aliijaza. Yenye ufa upande wa ndani, au kwenye mikono inayotoka kitovuni, aliirudisha kwa mwenyewe. Mzee Paulo, aliyemfundisha kazi, alikuwa amemweleza kwamba rimu hutoka kiwandani imeshapikwa na kukomazwa. Ukiipasha moto tena, unailegeza kando ya pale ulipochomelea, na jicho halioni.

Mwezi wa tatu mwaka jana, masika yakiwa yameanza, akaja Stefano. Huyu ni kaka wa Winfrida, mke wa Alois. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, kwa hiyo Stefano hakuwa shemeji tu. Ndiye mjomba wa watoto wa Alois, na neno lake kwao lilikuwa zito kuliko la baba yao. Alois hakuwahi kuona wivu. Walipendana tangu siku ya posa. Stefano alikuwa akishusha kabichi na njegere kutoka Mgeta hadi sokoni mjini, kwa gari aliloling'oa viti vya nyuma.

"Shemeji, tairi linapungua upepo kila asubuhi," alisema.

Alois akaigeuza rimu. Upande wa ndani palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, palipogonga jiwe.

"Hii sichomelei. Tafuta nyingine."

"Nimeshaagiza Dar, inafika wiki ijayo. Kabichi zinaoza shambani, Alois. Nisogeze wiki moja tu."

"Angekuwa mwingine ningemfukuza."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akaifanya, na aliifanya kwa moyo. Alitoboa tundu dogo kila ncha ya ufa usiendelee, akachomelea pande zote mbili, akasaga, akajaza upepo na kuizamisha majini. Halikutoka povu hata moja. Stefano akapiga makofi.

"Usipakie sana," Alois akamwambia. "Na wiki ijayo uitoe."

"Nimesikia."

Baada ya hapo walikutana Jumapili mbili, wakala pamoja, wakacheka. Alois hakuuliza habari za rimu.

Wiki ya saba, Alhamisi asubuhi, Stefano akishuka na mzigo kuelekea Mzumbe, gurudumu la mbele lilivunjika kwenye kona. Gari likaporomoka bondeni. Wakulima waliomtoa walisema alikuwa bado anaongea. Alifariki njiani, kabla ya kufikishwa hospitali.

Alois alikwenda kuliona gari kituo cha polisi. Alipiga magoti kwenye tope, akaifuta rimu kwa kiganja. Mchomeleo wake ulikuwa mzima, unang'aa. Mpasuko ulikuwa umepita kando yake, umbali wa nusu kidole, ukaufuata mwanzo hadi mwisho.

Ripoti ilisema barabara iliteleza; rimu haikutajwa. Msibani watu walisema ajali haina kinga. Alois alichimba kaburi, akabeba jeneza, akafukia. Mama mkwe wake, Kristina, alimshika mkono mbele ya waombolezaji akisema, "Rimu mpya anayo, iko stoo humo. Alisema ya shemeji yake bado nzima, haina haja ya kuitoa. Mwanangu alikuwa anakusifu wewe!"

Alois akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko hadi giza.

Siku ya tisa, nyumbani Bigwa, alimkuta Winfrida anamenya njegere.

"Rimu iliyovunjika niliichomelea mimi," alisema.

Mikono ya Winfrida ikasimama. "Ulimwambia ni hatari?"

"Nilimwambia."

"Halafu ukachomelea."

"Nikachomelea."

Winfrida hakupiga kelele. Alimaliza kumenya, akapika, akawalisha watoto, na kesho yake akapanda Mgeta kwa mama yake. Alois naye akaenda polisi kuandikisha maelezo. Askari aliyaandika yote, akamwambia arudi nyumbani, ataitwa. Hadi leo hajaitwa.

Siku ya arobaini alipanda Mgeta, hajui atapokewaje. Kristina alikuwa ameketi jikoni peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Winfrida ameniambia. Nilitaka nisikie kwako."

Alimweleza kila kitu, hata zile Jumapili mbili. Kristina akachochea moto.

"Angekuwa mgeni ungemkatalia?"

"Ningemkatalia, mama."

"Basi ndugu yako ndiye uliyemkubalia." Akampakulia ugali. "Kula. Watu wanakuja."

Alois alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa. Kwa ugali hakuwa amejiandaa. Alikula analia, na Kristina hakumtazama tena.

Winfrida alirudi Bigwa mwezi wa saba, shule zilipofunguliwa. Wanaishi pamoja. Wanaongea habari za chumvi na sare za shule. Rimu Alois hachomelei tena, ya ndugu wala ya mgeni. Mwenye rimu akibisha, humwonyesha kwa kucha pale patakapolegea kando ya mchomeleo. Wengine huelewa. Wengine huichukua wakaenda kwa fundi mwingine, na Alois hubaki mlangoni akiwatazama hadi wakate kona.

Mwezi wa tisa Faraja, binti yao mkubwa, alileta barua ya kikao cha wazazi sekondari. Kwenye vikao hivyo alikuwa akienda mjomba.

"Nitakuja mimi," Alois alisema.

Faraja aliikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni.

"Hapana, baba. Mwache mama aende."