Mkia wa Bata Bukini wa Erlenwede

Jumapili tarehe 14 Juni 1981, Eckhard Wübben, dereva wa lori la maziwa, alipandisha bendera ya kwanza katika historia ya kijiji cha Erlenwede. Ilikuwa ya kijani, na katikati yake bata bukini mweupe. Upepo ulivuma kutoka magharibi, kama kawaida ya huku kwetu, bendera ikanyooka kuelekea mashariki, na waliohudhuria wakaona jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Bata alikuwa amewageuzia mkia watu wa Sottwede.

Sottwede ndiyo jirani yetu wa mashariki, ng'ambo ya mashamba ya mahindi. Miaka tisa kabla ya siku hiyo ndiko ilikohamishiwa shule ya Erlenwede, watoto, ubao, kengele na vyote, na jengo likabaki ghala la mipira ya maji ya zimamoto. Kwa hiyo bia ilinyweka vizuri Jumapili ile.

Wübben hakuwa na hatia. Mchoro wa nembo ulikuwa wake, lakini bata wake alitazama upande wa pili. Ofisi ya nyaraka ya jimbo, ambayo bila kibali chake kijiji hakipati nembo, ndiyo iliyomgeuza, kwa kuwa mnyama wa kwenye bendera sharti autazame mlingoti. Matokeo yake, bata huuelekezea mdomo upepo, uwe unatoka wapi, na anayeishi upepo unakokwenda huyaona hayo mengine.

Lakini kilichofuata kilikuwa chake mwenyewe. Kila upepo ulipogeuka ukaja kutoka mashariki, bata akawa anaitazama Sottwede na kutuachia sisi mkia, Wübben aliishusha bendera. Aliyeuliza aliambiwa inafuliwa. Mwezi wa Februari, upepo wa mashariki unapoweza kukaa wiki nzima, bendera ilifuliwa wiki nzima. Mkewe Almut, ambaye mashine ya kufulia ni yake, anasema hajawahi kuiona humo ndani.

Vinginevyo maisha ya Wübben yanasimulika kwa kifupi. Aliendesha lori la maziwa mpaka mfugaji wa mwisho alipouza ng'ombe. Alikaa kwenye baraza la kijiji kwa vipindi sita bila kupendekeza kitu kingine chochote zaidi ya bata. Ukimwomba akusimulie maisha yake huanza na bata. Harusi hufuata baadaye, ila Almut akiwapo karibu harusi ndiyo hutangulia.

Mwaka huu Erlenwede ilikosa mtu wa kugombea umeya. Wübben mwenyewe, mwenye miaka sabini na mitano, alisingizia goti. Ikaamuliwa tuungane na Sottwede, na hapo ndipo alipokumbushwa kwamba kijiji kilichofutwa hufutwa pamoja na nembo yake. Goti likapona. Alizunguka nyumba kwa nyumba akimwombea bata, pamoja na nyumba zilizokuwa zimempigia magoti agombee.

Kamati ya nembo mpya ilikutana Septemba katika kituo cha zimamoto cha Sottwede, mbele ya keki ya siagi, ile ile inayoliwa matangani. Sottwede ilitaka gurudumu lake la kinu. Ofisi ya nyaraka ilikuwa imeshajibu kwamba magurudumu ya kinu wilayani yametosha. Yakabaki mawili: bata, au jani la mwaloni lililochorwa na kampuni ya matangazo ya mjini, ambalo hata waliolileta walikiri linafanana na alama ya sabuni. Kura nyingi zilikuwa za Sottwede, na Sottwede walikuwa tayari kuishi na sabuni.

Meya wao, Traute Hinrichs, mfuga nguruwe, alimkatia Wübben kipande cha keki kabla ya kuanza.

"Eckhard, hebu niambie. Mbona bendera yenu huchafuka upepo wa mashariki tu?"

Wübben alijibu kwamba vumbi linatoka huko.

"Huko ni kwetu."

"Sijamtaja mtu."

Traute alisubiri vicheko viishe, kisha akataja sharti. Sottwede wangempigia kura bata, lakini bendera ipepee kwenye ofisi ya Sottwede, kila siku, upepo uwe wowote, na isifuliwe bila idhini ya baraza. Mtunzaji awe Wübben, maana uzoefu anao.

Wübben aliitazama sahani akipiga hesabu. Ofisi ya Sottwede iko mwanzo kabisa wa kijiji, upande wetu. Upepo wa magharibi ukivuma, bata ataitazama Erlenwede, na mkia utakuwa wa Sottwede nzima, nyumba baada ya nyumba. Akachukua kipande cha pili, akasema kwa sauti ya msibani kwamba atakubali, ingawa inamuuma.

"Cheka tu, utapaliwa na keki," alisema Traute. "Nyumba yangu iko nyuma ya ofisi. Nimeolewa upande wa mkia, nimezalia upande wa mkia. Angalau sasa utakuwa mkia wetu."

Bata alipita bila kura ya kupinga. Wübben alifika nyumbani akamwambia Almut kwamba ameshinda, bata amebaki.

"Amebaki, mzee," alisema Almut. "Amebaki kwao."

Jumatatu hii, tarehe 1 Novemba 2021, vijiji viwili vinakuwa kimoja, na Wübben atapandisha bendera mbele ya ofisi ya Sottwede. Watu wa Erlenwede wamekubaliana kusimama barabarani upande wa magharibi, ili bata wao awatazame usoni. Utabiri wa hali ya hewa ni upepo wa mashariki, kutwa nzima. Bendera haitashushwa.