Mwaka Ambao Hatukuuza Maharagwe

Iko asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila nikishika simu kujaza fomu za kampuni. Nilikuwa na miaka thelathini na kichwa kigumu. Kampuni yetu ndogo ya maharagwe ilikuwa na wakurugenzi wawili: mimi hapa Kanyakine na Wawira kule Kanja. Yeye alilima na kukusanya kwa majirani, mimi nikatafuta wanunuzi. Kazi ya karatasi nilijitwika mwenyewe, maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilipenda watu wajue.

Miaka miwili mfululizo mvua ilitunyima. Hatukuuza hata gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka. Barua ya kutukumbusha ripoti ya kila mwaka kwa msajili wa kampuni ilipofika, niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Ningeandika nini? Shamba likikauka, huku kwetu humwiti mtu kulitazama. Unafunga jembe ndani unangoja mvua. Nami nikaifanyia kampuni vivyo hivyo. Wawira akiuliza, nilimjibu, “Mambo iko sawa.”

Mwaka wa tatu mvua ikashuka. Shule moja ya bweni ikakubali kuchukua maharagwe yetu muhula mzima. Wawira na majirani zake wakavuna, wakapeta, wakashona magunia. Asubuhi hiyo nikaenda shuleni kutia sahihi, nimevaa viatu vipya. Mhasibu akaomba karatasi ya msajili inayoonyesha kampuni ipo na wenyewe ni akina nani. Nilipofuatilia kwa msajili, nikaambiwa kampuni yetu iko mbioni kufutwa, maana haijasema neno miaka miwili. Shule haikungoja. Maharagwe ya Kanja yakaenda kwa madalali, kwa bei waliyotaka wao.

Niliona aibu, mwanangu, nikakosa pa kuweka uso. Kabla ya kumkabili Wawira na kumweleza sababu nilipitia Meru mjini kwa Mzee Idi, mwenye bucha, ambaye alikuwa na kampuni yake ndogo tangu nikiwa mtoto. Nilitaka anihurumie. Yeye akaendelea kunoa kisu.

“Mama Mwende, hiyo miaka hukuuza, wewe ulikufa?”

“Sikufa, mzee.”

“Ulikuwa unaenda kanisa, watu wanakuona?”

“Ndiyo.”

“Sasa kampuni, nani alikuwa anaiona? Hiyo fomu si ya kujisifu umeuza. Ni ya kusema bado tuko, na wenyewe ni sisi. Enda uambie mwenzako ukweli, leo.”

Nikaenda Kanja siku hiyo hiyo. Wawira alinisikiliza hadi mwisho, mikono yake bado ina vumbi la maganda.

“Ulinificha,” akasema. “Hiyo ndiyo imeniuma, si shule.”

Kesho yake alivaa sweta tukaenda Nairobi kwa msajili pamoja, tukajaza miaka yote miwili, tukalipa faini, tukarudi. Tulikataa kampuni ife mikononi mwetu.

Basi shika hili, maana nawe sasa umefungua kampuni. Kampuni yako ina siku yake ya kusajiliwa. Iandike ukutani karibu na picha ya harusi, na kila mwaka ikikaribia, jaza. Mwaka mzuri jaza, mwaka mbaya jaza upesi zaidi. Ukihama au mwenzako akijitoa, mwambie msajili. Fomu ya kodi ni nyingine kabisa, usijifanye mjuaji kama mimi ukadhani ukijaza moja umemaliza. Na usijaze peke yako kimya kimya. Mwite mwenzako aketi kando yako aone.

Mwaka jana mvua ilitukimbia tena. Wawira, mwenye mvi sasa kama mimi, alikuja akaketi hapa jikoni, nikabonyeza simu yeye akisoma majina yetu mawili kwa sauti. Hatukuwa tumeuza hata gorogoro moja. Tukatuma.

Mungu akupe mvua, mwanangu, na ikikosekana, akupe moyo wa kusema bado upo.