Mashine ya Kahawa ya Nyumba ya Bibi

Niliisikia kabla sijaona chochote. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na bodaboda iliyonitoa Matombo ilinishusha chini ya kilima kwa sababu ya utelezi. Nikawa napanda taratibu, viatu mkononi, ndipo sauti ikaja kutoka juu: krr, krr, kimya kidogo, krr. Mashine ya kumenyea kahawa. Nilisimama. Msimu wa kahawa ulikuwa bado mbali, na mibuni yenyewe, ndugu yangu, ilishakatwa karibu yote. Babu alikuwa anazungusha mashine tupu.

Nilikuwa nimetoka Mafiga, mjini, alfajiri kwenda kumzuia asiondoke.

Labda kwenu mambo ni mengine, kwa hiyo nikueleze. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume huja kukaa kwa mke, hulima shamba la mke, hujenga juu ya ardhi ya mke, na watoto wakizaliwa huwa wa ukoo wa mama yao. Babu alikuja kwa bibi akiwa kijana. Bibi alipofariki, mama yangu na mjomba walimwambia abaki, hapa ni kwake. Akanyamaza mwaka mzima. Misa ya mwaka iliposomwa, akatuma salamu kwamba anarudi kwa wapwa zake, ng'ambo ya bonde, alikozaliwa.

Utotoni nililetwa huku kila likizo, na sauti ile ndiyo iliyotuamsha. Bibi alimimina matunda mekundu juu ya mashine, sisi watoto tukamwagia maji, na babu akazungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kiko. Maganda yalitokea huku, punje zikatokea kule, telezi, hazishikiki. Naamini hata wewe una harufu moja inayokurudisha nyumbani. Yangu ni ya maganda yale yanayochacha nyuma ya jiko, yakichanganyika na magimbi ya kuchoma na chai ya mdalasini. Bibi alipenda kusema kwamba mashine ile ilikuwa na maneno mengi kuliko mumewe.

Msimu ulipokwisha, babu aliifungua yote. Alisugua kila chuma kwa majivu, akakipaka mafuta, akakirudisha. Baada ya hapo aligeukia nguzo za nyumba, akazipaka oili chafu ili mchwa wasipande, kisha paa, kisha matuta ya mlimani yaliyobomolewa na mvua. Jirani mmoja alikuwa hakosi kupita na mundu begani kumtania: mkwe, unawajengea wenzio, siku ukiondoka utang'oa hata msumari? Babu, misumari imemjaa mdomoni, alijibu bila kugeuka kwamba mvua haimuulizi mtu ukoo wake.

Nilipotokeza uani, alikuwa amekaa kwenye kigoda, anazungusha kwa mikono miwili. Kila baada ya mizunguko michache alipumzika. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefungwa kamba kwenye nguzo. Juu ya bati, mahali palipovuja tangu masika, palikuwa na kiraka kipya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke mdogo. Naona tope limekuonja."

Ndivyo alivyoniita tangu nilipoanza kutembea, mke mdogo, na bibi alikuwa akiniita mke mwenza na kunitishia kunifukuza jikoni. Niliuliza nani alipanda juu ya paa. Akasema alipanda mwenye paa. Nikauliza kwa nini anazungusha mashine isiyo na kahawa. Hapo akanijibu kwa maneno yaleyale ya zamani: chuma kikilala sana, hakiamki. Akaniwekea kopo la grisi mkononi na kunionyesha pa kupaka.

Nikapaka. Halafu nikasema nililokuja nalo.

"Umeniita mkeo maisha yangu yote. Mimi ni wa ukoo wa nyumba hii. Basi bado una mke hapa, na mkeo anasema ubaki."

Alicheka mpaka akakohoa. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na alipotazama tena, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mjukuu wangu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Mwanaume akija kwa mke, huja na mikono yake. Mimi nilikuja nayo. Sasa imekwisha."

Nilimwambia hatuhitaji mikono yake, tunamhitaji yeye.

"Najua. Mngenilea vizuri. Ndiyo maana naondoka ningali naweza kufunga mlango mwenyewe."

Tuliingia ndani, tukala magimbi pamoja. Mpwa wake alikuwa ameshafika na kubeba kisanduku cha babu, akawa anamsubiri njiani.

Siku hizi kilima kile hakina sauti ya mashine nyingine. Jirani mwenye mundu alikwisha kufa, na wanawe wamepanda tangawizi. Nyumba niliyoidhani ni ya mawe na matope kumbe ilikuwa imesimama juu ya mtu mmoja, mwaka baada ya mwaka, nasi tukala na kulala chini yake bila kumwona. Nitaizungusha mashine nikipata likizo. Sijui kama hiyo ni kuitunza, au ni kuisikiliza tu.

Siku ile, babu aliposimama na fimbo yake, nami nikasimama. Akanizuia kwa kiganja.

"Usinisindikize. Anayesindikizwa ni mgeni."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Tangu utotoni mwangu mlango ule ulikuwa unalia. Safari hii haukulia, maana asubuhi ile alikuwa amezipaka bawaba grisi.