Maua Meupe Niliyomtuma Asukulu

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nimesimama kando ya njia pale mjini Baraka nikimtazamia mchumba wangu, na nguo ya harusi iko tayari ndani. Ilikuwa enzi ya Zaire. Nakueleza leo kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu yale mashada mapya ya maua, yanayomwagika hadi magotini, ukasema umemwambia mchumba wako akufuatie waridi Uvira. Njia ile unajua ilivyo na hatari siku hizi. Tangu jana moyo hautulii.

Wakati wetu maharusi walishika maua ya plastiki ya kanisa, yaleyale kila harusi, mengine yamepauka kabisa. Mimi nikaona picha gazetini: bibi harusi wa Bukavu ameshika maua meupe, marefu, ya mdomo mpana. Nikaikata. Nikaambiwa maua hayo huota kwenye mabwawa ya juu milimani, kuelekea Minembwe. Nikamwambia Asukulu, mchumba wangu, kwamba akinipenda kweli atayaleta. Alikuwa seremala, mtu mpole. Hakubisha. Akaondoka Jumatatu.

Milimani kule kulikuwa na waasi, na huku chini bariyeri ya askari iliyofunga njia. Nilijua. Nani hakujua? Lakini msichana anayengoja harusi yake husikia anachotaka tu.

Basi Ijumaa hiyo mama mmoja muuza maharagwe akashuka, akasema ameona kijana amekalishwa chini kwenye bariyeri, mikono imefungwa, kikapu chake kimemwagwa. Shangazi yangu, Mama Wabiwa, akanishika mkono tukaenda. Njia nzima alisema neno moja tu.

"Ulimutuma muntu kwenye bunduki juu ya maua."

Tulikuta maua yamepasuliwa moja moja. Walikuwa wakitafuta barua ya waasi ndani ya vikonyo. Mkubwa wao akauliza nani anapanda mlima mzima kwa ajili ya maua. Nikasogea, nikampa ile picha.

"Ni mie nilimutuma. Kesho tunaoana. Yeye hana kosa."

Akaitazama muda mrefu, mpaka nikadhani sasa tutafungwa sote. Kisha akaamuru wamfungue. Kwa nini, sijui hadi leo.

Tulioana Jumamosi. Sikushika ua lolote. Nilimshika Asukulu, maana walimpiga kitako cha bunduki kwenye sikio la kushoto na alikuwa anayumba. Sikio lile halikusikia tena. Miaka yote ya ndoa yetu nilikaa upande wake wa kulia ili anisikie. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Mwanangu, kupenda maua si kosa, na wewe una haki ya kupendeza siku yako. Ila usimpime anayekupenda kwa hatari atakayokubali kuiingia. Kabla hujamtuma mtu, fikiria kwanza njia atakayopita na nani anamngoja huko. Mpigie mchumba wako sasa hivi, asitoke. Uani kwetu maua mekundu yapo, nitakufungia kwa mikono yangu.

Mungu awalinde wote wawili, awafikishe siku yenu mkiwa wazima, na ndani ya nyumba yenu, mmoja akiita, mwenzake awepo wa kuitika.