Laptop ya ndugu wawili wa Akheri kwenye meza ya Batuli

Saa nne asubuhi, Jumamosi, mtaa wa Ngarenaro. Batuli Jamaldini ameshika bisibisi, na mbele yake kuna laptop ya gemu ambayo hajaifungua wala hana haraka ya kuifungua. Kwanza anataka kumwona mwenyewe akicheza.

"Washa," anamwambia kijana aliyeketi upande wa pili wa meza. "Fungua vyote unavyofungua ukiwa nyumbani. Usinifiche hata kimoja."

Ndivyo anavyofanya kazi fundi huyu wa miaka thelathini na minne, na wenzake mtaani humcheka kwa hilo. Mteja akimuuliza laptop ya gemu inataka RAM kiasi gani, Batuli hajibu. RAM, kwa asiyejua, ni ile memori ambayo kompyuta huitumia wakati inafanya kazi, siyo ile ya kuhifadhia picha na miziki. Yeye humkalisha mteja, akamwacha acheze gemu lake kama alivyozoea, huku akiangalia kipimo kwenye pembe ya skrini.

Kijana wa leo ni Richard Sumari, mkulima wa Akheri, kijiji cha huko juu mlimani. Kando yake ameketi mama yake, Elieshi, mkoba mapajani. Walipoingia, Batuli alimwamkia mama kisha akamtania kidogo.

"Shikamoo mama. Una hakika hukukosea mlango? Wanaoniletea laptop za gemu ni watoto wa matajiri wa Njiro."

"Marahaba mwanangu. Sijakosea," alijibu Elieshi. "Hiyo laptop ndiyo inayoniumiza mimi."

Kisha akaeleza. Ana watoto wawili wa kiume, huyu Richard na kaka yake Meshack, anayefanya kazi bandarini Mtwara. Kwenye simu hawaongei. "Wanaongea wakicheza huo mpira wao tu," anasema. "Wasipocheza, ndiyo basi."

Ugomvi ni wa mibuni. Baba yao alipofariki, nyumba na shamba la juu vilimwangukia Richard kwa kuwa ni kitinda mimba, kama ilivyo mila yao. Lakini kahawa ya shamba lile Meshack aliipanda na baba yake kwa mikono yake. Mwaka juzi Richard akaanza kuing'oa apande parachichi, bila kumwambia kaka yake. Meshack akaja kusikia kwa watu, na simu zikakoma.

Kilichobaki ni gemu la mpira. Kila Jumamosi wanakutana humo, mmoja Akheri, mwingine Mtwara, sauti zao zikipita kwenye programu ya maongezi inayokwenda pamoja na gemu. Wanaanza kwa kuchambana kuhusu mabao. Baadaye wanaulizana hali ya mama, mara mvua, mara bei ya mbolea.

Wiki tatu zilizopita, katikati ya mechi, Meshack aliuliza, "Hivi ile kahawa ya juu uling'oa yote?" Kabla Richard hajafungua mdomo, laptop ikaganda. Ilipozinduka, Meshack alishaondoka. Kwake yeye, mdogo wake alikuwa amemkatia.

"Nilimwandikia kwamba ni mashine," anasema Richard. "Akanijibu, sawa. Sawa peke yake. Kaka akishasema sawa, ujue kakasirika."

Richard akaipeleka laptop kwa fundi mmoja mjini. Yule akamshauri azime programu ya maongezi ili gemu lipate nafasi. Na kweli, likaenda vizuri. Jumamosi iliyofuata ndugu hao wakacheza mechi tatu bila kusemeshana, na Elieshi alikuwa pale pale sebuleni anamenya ndizi.

"Nilisikia vidole tu," anasema mama. "Nikamwambia, hii haijapona. Hii ndiyo imekufa."

Richard mwenyewe amekuja na jibu lake tayari, kalisoma mtandaoni. "Niwekee GB thelathini na mbili, dada. Nimalizane nayo kabisa."

Kumuuzia kungekuwa rahisi. Yapo majuma ambayo Batuli hauzi kitu zaidi ya chaja mbili tatu, na RAM ya ukubwa huo ingemsaidia kulipa pango. Lakini hataki. "Nikimuuzia kwa kukisia na shida ikabaki, atarudi kunilaumu, na atakuwa na haki," anasema.

Basi Richard anacheza. Laptop ina GB nane. Gemu likiwa peke yake, kipimo kinasimama kwenye sita na ushei, na wachezaji wanateleza bila shida. Anafungua programu ya maongezi, kipimo kinapanda. Halafu, kwa aibu kidogo, anafungua nyingine.

"Na hii ni ya nini?" anauliza Batuli.

"Ya kurekodi mabao. Kaka akifungwa huwa anakataa."

Batuli anacheka. Kabla hajamaliza kucheka, picha inakwama, na mshale wa kipanya nao unakwama.

"Umeona huo mshale?" anasema. "Ingekuwa mtandao, sauti ingekatikakatika lakini mshale ungetembea. Nyie watu wa huko juu kila kitu mnausingizia mtandao. Hii RAM yako ni jiko la plate mbili, Richard. Sufuria ya tatu ikija, lazima moja iteremshwe isubiri."

Sasa ndipo anaigeuza laptop na kuifungua. Ndani kuna nafasi moja tupu. Anapachika kipande kingine cha GB nane, jumla kumi na sita. Kwa gemu zito zaidi, anasema, au kwa mtu anayehariri video, angeshauri zaidi. "Kwa mpira na maongezi, hizo nyingine zingekaa tu zinakuangalia."

Limebaki jaribio, na jaribio linamtaka Meshack. Richard anainama, anachezea kamba ya kofia yake. Kupiga simu hataki. Elieshi anatoa ya kwake mkobani.

"Meshack. Ingia kwenye mpira wenu. Mama ndiye anayesema."

Dakika chache baadaye sauti nzito inatoka kwenye spika, inamwamkia mama. Mechi inaanza. Kipindi cha kwanza chote ni mpira mtupu, na kipimo kinacheza kwenye kumi na kitu. Elieshi haangalii skrini, anamwangalia mwanawe.

Wakati wa mapumziko, Meshack anakohoa. "Sasa ile kahawa?"

Richard anasogea karibu na laptop. "Nimebakisha mistari miwili. Ile ya juu ya mfereji, mliyopanda wewe na baba. Nilishindwa kuigusa, kaka."

Upande wa pili kimya. Richard anasukuma kipanya haraka aone kama mashine imeganda tena. Mshale unatembea. Mashine ni nzima, aliyenyamaza ni kaka yake, na Richard anaogopa kuliko alivyoogopa siku ile.

"Unaipalilia?" inauliza spika.

"Naipalilia."

"Desemba nakuja niione."

Elieshi anajifuta macho kwa ncha ya kanga, hajifichi. Mechi inakwisha, nani kashinda hakuna anayeuliza. Richard ananyoosha mkono afunge, na Meshack, kama aliyemwona, anasema, "Usizime kwanza."

Batuli anawaachia meza, anatoka na kiti chake hadi kibarazani. Elieshi anamfuata huko na kumkaribisha Akheri hiyo Desemba, aje ale ndizi za nyama. Batuli amekubali, na tayari amepanga kufunga duka siku hiyo.

"Natamani nikifika nikute laptop iko kabatini," anasema, "na wao wawili wako shambani."