Jino la Kasereka

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu ilikuwa mgongo. Mama alinifunga mdogo wangu kwa kitenge kabla jua halijapanda, akachukua jembe lake, akaenda shambani. Mimi nikabaki nikizunguka uani hadi mtoto alale. Ndivyo ilivyo kwa Masika, binti wa kwanza. Kwetu Wanande jina linafuata mpangilio wa kuzaliwa, na wavulana nao wana mpangilio wao: kwetu wa kwanza alikuwa Paluku, wa pili Kambale, na yule niliyembeba alikuwa wa tatu, kwa hiyo Kasereka. Hakuna aliyekaa kumchagulia. Jina lilikuwa likimsubiri.

Tulikaa upande wa Mabalako, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kituo cha afya. Baba alikuwa akipeleka kakao Beni na tulimwona Jumapili tu. Koko, yaani bibi yetu mzaa baba, ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba.

Miezi minne ya kwanza Kasereka hakunipa tabu. Nilijua vilio vyake vyote: cha njaa, cha usingizi, cha nepi iliyolowa, na kile cha uongo cha kutaka kubebwa tu. Mwezi wa tano akaanza kutoa mate. Aliguguna bega langu mpaka blauzi ikashikamana na ngozi. Halafu tumbo likafunguka. Nilifua nepi sita kabla ya saa sita mchana, nikazianika, nikaanza tena.

Leo mimi ni mama na najua kwamba mtoto wa umri ule hutia mdomoni kila anachookota, na kwamba sisi tulikuwa tumeshaanza kumpa uji kwa maji ya kijito. Wakati ule tulikuwa na sababu nyingine. Koko alisema kuna meno mabaya, yanakaa ndani ya fizi kama funza na kunyonya nguvu za mtoto. Yasipotolewa kabla hayajatokeza, yanamtoa mtoto mwenyewe. Kambale alitolewa yake alipokuwa mchanga, akapona. Sasa alikuwa na miaka minne, mnene, anakula fungu lake la ugali na fungu langu.

"Nikimaliza maharagwe nitamupeleka kwa muganga wa kituo," mama alisema jioni moja.

"Muganga atamupa maji ya sukari na chumvi," Koko alijibu. "Meno inaogopaka sukari? Angalia Kambale. Ile ni mutoto ya maji ya sukari?"

Kambale, aliposikia jina lake, akafungua mdomo atuonyeshe mapengo yake. Tulicheka sote, hata mama.

Asubuhi iliyofuata mama ilimbidi aende kuyang'oa maharagwe, mvua ilikuwa inayaozesha. Aliniambia: "Umupe maji kidogo kidogo, Masika. Ninarudi mapema tumupeleke." Hakuwa amevuka hata migomba ya jirani Koko akaniita.

"Leta mutoto. Macho yangu imekufa. Angalia weye."

Nilimfungua mdomo kwa kidole kidogo. Fizi zilikuwa zimevimba, na pande mbili, pale ambapo meno ya chonge huota, niliona kitu cheupe chini ya ngozi.

"Iko ao haiko?"

Nimelijibu swali lile kwa namna nyingi tangu siku ile, nikiwa jikoni, nikiwa njiani, nikiwa nasali rozari. Siku yenyewe nilijibu mara moja, kama mwanafunzi anayelijua jibu.

"Iko, Koko. Mbili."

"Mbili! Aa, mwanangu, uko na macho kama yangu ya zamani."

Nilijivuna. Lazima niliandike hilo, kwa sababu nikiliacha, habari hii itakuwa ya Koko peke yake.

Nilitumwa kumwita mzee mmoja aliyekaa ng'ambo ya shamba la kakao, maarufu kwa kazi hiyo. Alikuja na chuma chembamba cha gurudumu la baiskeli, kimenolewa ncha. Alikipitisha motoni, hilo namkubalia, kisha akakifuta kwenye suruali yake. Mimi nilishika kichwa kati ya magoti yangu. Kasereka alitoa sauti nisiyoijua, mimi niliyedhani navijua vilio vyake vyote.

Mzee aliweka juu ya kipande cha jani la mgomba vitu viwili kama punje za mchele, vyeupe, laini, vyenye damu.

"Mwangalie funza," alisema.

Kambale akainama. "Inatembea?"

"Ilikufa na haya."

Tukacheka tena. Koko akaniamuru nivifukie nyuma ya jikoni, chini ya mgomba, ili visimrudie mtoto atakayefuata. Nilichimba kwa kijiti, nikavifukia vizuri, nikakanyaga udongo.

Mama aliporudi aliona damu kwenye kitenge. Hakupiga kelele, maana mama mkwe hapigiwi kelele. Alikaa kwenye kigoda akampa ziwa. Kasereka akalishika, akaliacha, akalia. Akalishika tena, akaliacha. Yale maji ya kidogo kidogo yalimwagikia kidevuni. Mama akataka kuondoka naye, mvua ikanyesha. Koko akasema kidonda kikauke kwanza, hewa ya njiani ingekiharibu.

Siku ya pili hakuhara tena. Koko akapiga makofi. "Munaona? Tumbo imekauka."

Lilikuwa limekauka kweli. Alikuwa analia bila machozi, na nepi niliyomfunga asubuhi niliifungua mchana ikiwa vilevile nilivyoifunga. Nilifurahi. Siku hiyo hapakuwa na kitu cha kufua.

Siku ya tatu mama hakumwomba mtu ruhusa. Alijifunga mtoto alfajiri, tukashika njia, mimi nyuma na mfuko wa nguo. Tulipopita kijito cha katikati ya njia alisimama. Alipeleka mkono nyuma, akaushika mguu wa Kasereka, akakaa hivyo kidogo. Kisha akaendelea kutembea, mkono ukiwa bado pale pale. Tulitembea hivyo saa nzima iliyobaki.

Kituoni muganga alimlaza mezani, akamfungua mdomo, akakaa akitazama. Halafu akauliza, na swali lake halikuwa la huruma: "Nani alimufanya hivi?"

Nilisubiri mama aseme Koko. Nilisubiri hata aseme Masika, kwa maana Koko alikuwa amemweleza ni nani aliyeona.

"Ni miye," mama alisema.

Nilikuwa nimeshika mfuko wa nguo, nikaendelea kuushika.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wa biolojia alichora ubaoni fizi ya mtoto mchanga iliyopasuliwa upande, na ndani yake meno yakisubiri, meupe, laini, kila moja mahali pake. Nilinakili mchoro ule kama wengine. Kumbe meno ya Kasereka yalimtangulia udongoni kwa siku tatu, na mimi ndiye niliyeyafukia.

Koko hakuwa mchawi wala mjinga. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe, na ushahidi wake ulikuwa unatembea uani ukila ugali wetu. Ni vigumu kushindana na ushahidi wa namna hiyo. Wale ambao hawakupona hawaji kufungua mdomo mbele ya sahani waonyeshe mapengo.

Mwaka huu mtoto wangu wa mwisho alianza kutoa mate, hapa Butembo, na tumbo lake likafunguka. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Kasugho. Alimpakata, akatia kidole mdomoni, akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, ambaye upande wao huitwa Nzanzu.

"Mama Nzanzu, kuja. Macho yangu hapana ona muzuri. Angalia weye."

"Hapana, mama. Sitaangalia."

Alikasirika, siku mbili hakula chakula changu. Nilichemsha maji, nikatia sukari na chumvi, nikakaa na kijiko mchana kutwa, nikampeleka kituoni. Jino lilitoka lenyewe baada ya wiki chache, kwa kelele nyingi, kama la mtoto yeyote.

Baada ya Kasereka mama alizaa mvulana mwingine. Jina la aliyekufa halirudiwi na nafasi yake haijazwi, kwa hiyo huyo ni Kakule, wa nne. Mnande yeyote akiyasikia majina ya nyumba yetu atasimama pale: Paluku, Kambale, Kakule. Juzi tulipowapokea wakwe wa Kakule, shangazi mmoja wa upande wao alituhesabu kwa vidole, akauliza kwa sauti, bila ubaya:

"Lakini, Kasereka yenu iko wapi?"

Mama alikuwa kando yangu akimenya ndizi. Nilimwona anafungua mdomo.

"Alikufaka na miezi tano," nilisema mimi. "Ni miye niliangalia mudomo yake."

Shangazi akashusha mkono. Mama hakunitazama. Alichukua ndizi nyingine, akaimenya taratibu, akaniwekea mbele yangu.