Maksai wa Baharini

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Kwa hiyo nikikosea mahali, wa kulaumiwa ni mbuzi. Lakini hili ninalosimulia ni kweli, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Tangu utoto nilisema uongo watu wakacheka wakaniamini. Siku moja nikasema kweli, nikakosa mke. Yaani karibu nikose.

Nilikuwa utingo wa lori la ushirika pale Dongobesh. Tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama meno, unamsikia jirani wa tatu akigeuka kitandani. Lori letu lilibeba maharage na ngano mpaka Dar es Salaam. Lilikuwa zee sana. Likipanda mlima mimi nateremka, natangulia kwa miguu, nanunua ndizi, nakula, nalala kidogo, naamka, ndiyo kwanza linafika.

Safari ya kwanza Dar, tukisubiri kushusha mzigo, dereva akanipeleka kuona bahari. Nikaona mlima wa Hanang umepakwa rangi nyeusi, unatembea juu ya maji. Dereva akasema hiyo ni meli. Nikasema sawa, mimi nimekuja kuona, sikuja kubisha. Lakini mbele ya meli kulikuwa na kaboti kadogo, kanene, kafupi, kanatoa moshi, kamefungwa kamba, na meli yote inafuata nyuma yake kama mbuzi wa mnadani. Kaboti kengine kakaja kakaweka pua ubavuni mwa meli kakaisukuma, kama ndama anavyogonga kiwele. Wenyeji wanakaita tagi. Meli kubwa ikifika mlangoni pa bandari haijui kujigeuza, mpaka wale wadogo waje waishike mkono.

Nikarudi nyumbani kifua kimejaa. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa na kazi Masakta, kazi ya posa.

Binti niliyempenda alikuwa wa pale, na baba yake alijulikana kote kwa kufundisha maksai kulima. Watu walimletea dume lililotoboa watu wawili, anakaa nalo wiki mbili, linarudi kwao linasalimia. Mzee huyu akiwa na ng'ombe alizungumza asubuhi mpaka jioni. Akiwa na watu alikohoa tu.

Nikaenda na mjomba wangu, ndiye mshenga. Tukakuta wazee wanne wamekaa. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, ng'ombe wazima, mvua je. Mzee akakohoa, akaniuliza, "Kijana, huko barabarani unaona nini?"

Mjomba akanifinya paja. Nikaona ni kunitia moyo. Nikamwaga yote, meli, kamba, tagi, moshi.

"Hiyo meli ina urefu gani?" akauliza mzee mmoja.

"Kutoka hapa mpaka Dongobesh."

"Na hicho kinachoivuta?"

"Kama nyumba hii, mzee. Ukitoa jiko."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akamwaga togwa yake mapajani. Baba wa binti hakucheka. Akasema, "Nimefunga nira tangu sijaota ndevu. Kidogo hakivuti kikubwa. Siku mkiona panya anavuta gunia la mahindi, mniite." Kisha akamgeukia mjomba. "Binti yangu simpi mtu ambaye akiniambia mvua inanyesha, nitatoka nje kuhakikisha."

Mjomba akajitetea kwamba kijana ni mchapa kazi. Mzee akasema, "Kuna karani wa kule kijijini ameleta maneno pia. Huyo sijamsikia akisema uongo." Kweli, hajamsikia. Karani yule sauti yake hakuna aliyewahi kuisikia, hata akipiga chafya alifunga mdomo. "Nangoja mavuno yaishe. Kama huyu wako ana ushahidi, alete. Kama hana, asinipotezee togwa."

Pale zizini binti alikuwa anajifanya anatafuta kuni. Akaniambia bila kunitazama, "Meli nimeikubali. Lakini kutoka hapa mpaka Dongobesh?"

"Basi, kutoka hapa mpaka kisimani."

"Ungesema kisimani kule ndani, saa hizi ungekuwa unakula."

Njiani mjomba alitangulia mbele, akipiga nyasi kwa fimbo. Kufika nyumbani akasema, "Nilikufinya."

Sasa ushahidi natoa wapi? Haydom alikuwepo bwana afya mmoja, mtu wa Tanga, amehamishiwa huku kwetu kwenye baridi, anavaa makoti mawili mwezi wa kwanza. Nikamwendea na mjomba, nikamwomba aje Masakta aseme kwa kinywa chake kwamba tagi zipo. Akacheka. "Kwetu watoto wanazifahamu kuliko mama zao." Lakini mjomba akakataa. "Shahidi wa pwani? Mzee atasema maneno yenyewe yalitengenezwa huko." Ndipo bwana afya akatoa kabatini kamera yake. Sanduku jeusi, kama kopo la kahawa lenye jicho. Akasema, "Filamu ina picha kumi na mbili. Unashika tumboni, unachungulia kwa juu, unabonyeza, unazungusha hapa. Uniletee papa mkavu. Na ukiivunja, usikanyage Haydom hata ukiumwa."

Safari nzima nililala nimeikumbatia. Dereva akasema hata mke sitamkumbatia hivyo. Nikamwambia bila hii mke mwenyewe hayupo.

Tulipofika Dar, nikaenda ufukweni pale meli zinapoingilia, mahali ambapo mlango wa bandari ni mwembamba na kila mpita njia anaona. Nikangoja. Kunguru wakanizoea. Meli ikaja, kubwa kuliko ile ya kwanza, na tagi mbele yake. Nikachungulia ndani ya kamera. Jamani! Ndani ya kile kioo dunia imegeuka. Boti likienda kulia, mle ndani linaenda kushoto. Mimi nikaamini kioo. Boti linakwenda huku, nami nalikimbiza kule. Nikakimbia kwa kishindo mpaka nikamgonga mama wa samaki, akaniuliza kama kwetu tunatembea kinyumenyume. Nikamwambia, "Shikamoo mama, natafuta mke." Akanipa nafasi haraka sana.

Na meli haiingii kwenye picha! Nikirudi nyuma, kuna ukuta. Nikisogea mbele, kuna bahari. Naona kipande tu, kama kumtazama ng'ombe umesimama chini ya tumbo lake. Nikabonyeza hivyo hivyo. Nilikuwa nimefika ya kumi na mbili nikasikia mkono begani.

Askari. Mrefu kiasi kwamba kofia yake ilikuwa na hali ya hewa tofauti.

"Wewe. Unampigia nani picha za bandari?"

Siku zile usicheze na jambo hilo. Mreno alikuwa bado Msumbiji, redio kila siku inasema tuwe macho, na mimi nimesimama pale na sanduku jeusi, nimevaa katambuga za tairi, nimekodoa jicho moja kama mwizi wa mayai.

"Baba mkwe," nikasema.

"Baba mkwe wako ni wa taifa gani?"

"Wa Masakta."

"Hiyo ni nchi gani?"

"Iko hapa hapa, afande. Ukifika Hanang, uliza maksai."

"Maksai ndiye mkuu wenu?"

Nikamweleza kila kitu, tangu mjomba kunifinya. Alisikiliza uso mkavu. Kisha akasema sheria ni sheria, akaivuta kamera mikononi mwangu, akaifungua mgongo kutafuta siri za nchi. Jua la Dar likaingia mle ndani lote. Bwana afya alikuwa ameniambia mwanga ukiingia picha zinakufa. Nikapiga yowe, kunguru wote wa Dar es Salaam wakaruka kwa pamoja, mji ukawa kivuli. Askari akashtuka akaifunga.

"Unalia nini?"

"Umemuua mke wangu, afande."

Akaniambia taratibu, "Mimi wangu baba yake aliniambia hataki askari. Nikavaa kanzu miezi mitano." Akanirudishia kamera. "Nenda. Na usipige tena. Ukimkosa, usije kunitafuta mimi."

Mavuno yalikuwa yanaisha. Turudi kupiga nyingine, lori halina safari tena. Arusha nikampelekea fundi picha filamu, nikakaa mlangoni kama mtu anayesubiri mzazi kujifungua. Akatoka ananionea huruma. "Nane zimeungua. Zimebaki nne."

Ya kwanza ilikuwa mguu wangu wa kulia. Ya pili kunguru. Ya tatu ubavu wa meli, weusi mtupu, fundi akasema, "Ukuta huu umeupiga kwa nini?" Ya nne ndiyo ilikuwa na tagi. Boti limo zima, kamba inatoka mgongoni kwake, inapanda, inaishia pembeni mwa picha. Meli haipo. Haipo kabisa! Boti dogo limefungwa kamba na hewa.

Nikaenda Masakta nikiwa nimeshajikatia tamaa. Wazee wale wale, togwa ile ile. Mzee aliyejimwagia safari hii aliweka kibuyu chini kabisa kabla sijafungua mdomo. Karani naye alikuwepo, amekaa pembeni, kimya kama jiwe la kusagia. Mjomba alinikalia mguu ili nisiongee.

Picha ikazunguka. "Meli iko wapi?" "Si ulisema mpaka Dongobesh?" "Labda hii picha imeishia Haydom!" Kicheko. Karani akatabasamu, na nadhani hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote.

Picha ikamfikia baba wa binti. Akaishika kichwa chini, miguu juu. Mimi mkwe mtarajiwa, nitamwambiaje mzee amekosea? Nikainamisha kichwa nami, nikatazama kwa mtindo wake. Akaigeuza mwenyewe. Akasimama, akatoka nje kwenye mwanga. Akaiweka mbali, akaiweka karibu. Akakohoa.

"Huyu anavuta," akasema.

Watu wakatoka nje wakamzunguka.

"Tazameni kamba. Mnyororo wa plau ukiwa hauna mzigo unaning'inia, una tumbo. Huu umenyooka kama fimbo. Kitu kilichoko huko mwisho ni kizito kuliko nyumba zenu zote." Akaweka kidole chake kinene juu ya boti, boti likapotea. Akakiondoa. "Na oneni alivyokaa. Tako chini, pua juu. Maksai mwongo anarusha kichwa, anapiga kelele. Anayevuta kweli anakaa hivi. Na nyuma yake maji yamefumuka kama udongo wa masika."

"Lakini mzee," mmoja akasema, "ni mdogo."

"Na yule mwekundu wangu?" Kila mtu alimjua maksai wake mwekundu, mfupi, miguu kama vigoda, aliyewatoa jasho wenzake wakubwa. Mzee akatikisa kichwa. "Nimekaa naye miaka yote, na mimi ndiye niliyesema kidogo hakivuti kikubwa. Aibu yangu."

Akanigeukia. "Picha nimeiamini. Wewe bado. Lakini mtu akisumbuka hivi kutafuta ukweli mmoja, anaweza kuzoea." Akamwita binti. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Tangu zizini nilimwambia aseme kisimani."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Nikaona bora nisieleze. Karani akaaga, au nadhani aliaga, maana midomo ilitikisika. Bwana afya alipata papa wake na kamera yake, na mimi nikapata mke.

Picha sikuipata tena. Mzee aliiweka kwenye mfuko wa koti, na kila penye pombe aliitoa. Mwaka wa kwanza alisema, "Mkwe wangu aliona hii." Mwaka wa pili, "Mkwe wangu aliniita nione." Mwaka wa tatu nikamsikia kwa masikio yangu, wageni wamemzunguka, "Tulisimama pale mimi na huyu kijana, upepo unapiga, nikamwambia yule mwenye boti, we bwana, legeza kidogo kushoto, utamchosha!"

"Na meli ilikuwa na urefu gani, mzee?"

"Kutoka hapa," akasema mzee, akanyoosha mkono kupita Dongobesh, kupita Haydom, "mpaka huko mbele. Si kweli, mwanangu?"

Mke wangu alikuwa anagawa pombe. Akanitazama, akaziba mdomo kwa kanga. Huko kwetu mkwe habishani na baba wa mke wake, hata akisema jua ni la kukopa. Nikaangalia miguu yangu, ule wa kulia hasa, ambao nao una picha yake.

"Kweli, mzee," nikasema. "Tena umepunguza."